Askari mpya wa Marekani: bima ipi ni ya lazima?
Hata asiye raia, akiwa na kadi ya ukaaji wa kudumu, anaweza kuingia jeshi la Marekani. Hapo anaandikishwa moja kwa moja katika SGLI, bima ya maisha ya dola 500 000. Tangu Julai 2025 anakatwa dola 26 kwa mwezi, ikiwemo 1 ya majeraha makubwa. Matibabu yake ni bure. Basi kijana asiye na mke wala mtoto hana haraka ya kununua bima nyingine ya maisha. Ya gari, kama analo, ndiyo ya lazima. Hatari iko kwenye jina: pesa hulipwa aliyeandikwa. Ikiwa bado ni mchumba waliyeachana zamani, mama aliyebaki Uvira hapati kitu.