Kuongeza Nguvu ya Injini: Kipimo Kwanza

Katika miji mingi ya Afrika Mashariki, mlio wa Subaru Impreza ya zamani hutambulika kabla gari lenyewe halijaonekana. Vijana husimama kando ya njia walitazame. Wazee hutikisa vichwa. Toleo la WRX la gari hilo, lenye turbo na injini ya silinda nne zilizolala mbili kila upande, lilianza kuuzwa Japani mwaka 1992. Tangu hapo limekuwa kwa vijana wengi alama ya ufundi na ujasiri. Hata hivyo, mwenye nalo aghalabu haridhiki na nguvu alizolikuta nazo. Humtafuta fundi wa kuziongeza, na mara nyingi kazi huanzia mahali ambapo ingepaswa kuishia, yaani kwenye turbo.

Hoja inayotetewa hapa ni rahisi kuieleza, ingawa kuifuata kunahitaji subira: katika injini kuukuu, kazi ya kwanza ni kupima, ya pili kutengeneza, ya tatu kuimarisha breki, na kuongeza kanieneo ya turbo ni kazi ya mwisho. Anayeugeuza mpango huo huhatarisha fedha zake, na zaidi ya hizo, uhai wake na wa wapita njia.

Turbo si kitu kipya. Mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, alipata hataza ya wazo lake mwaka 1905. Moshi unaotoka katika silinda huzungusha turbini. Turbini nayo huzungusha kompresa iliyo katika mhimili mmoja nayo, kwa kasi inayoweza kuzidi mizunguko 100,000 kwa dakika. Kompresa huishindilia hewa ndani ya injini. Hewa ikiwa nyingi, oksijeni nayo huwa nyingi, na petroli nyingi zaidi huweza kuungua. Hapo ndipo injini ya sentimita za ujazo 1,994 hupata nguvu za injini kubwa.

Lakini nguvu hizo zina gharama, na gharama yenyewe ni joto. Mwanafunzi yeyote aliyewahi kujaza upepo tairi la baiskeli anajua kwamba pampu hupata moto. Kanuni ni ile ile katika turbo. Chukua hewa ya Mombasa yenye nyuzi 30 za sentigredi na kanieneo ya bar 1 hivi. Kompresa yenye ufanisi wa asilimia 70 ikiishindilia hadi bar 1.8, hewa hiyo hutoka ikiwa na nyuzi 109 hivi. Gari hilo hilo likipandishwa Nairobi, ambako kanieneo ya hewa ni bar 0.82 hivi, kompresa hulazimika kuzidisha kanieneo mara 2.2 ili kufikia bar 1.8 zile zile. Hata hewa ya Nairobi ikiwa na nyuzi 25 tu inapoingia, hutoka ikiwa na nyuzi zipatazo 132. Fundi anayenakili vipimo vya pwani na kuvitumia bara bila kupiga hesabu anaisukuma turbo kupita pale anapodhani ameifikisha.

Hewa ya moto hutanuka, na hivyo huchukua nafasi bila kuleta oksijeni ya kutosha. Ndiyo sababu Impreza hiyo ina kipoza hewa juu ya injini, chini ya tundu la boneti. Kipoza hicho kikiishusha hewa ya Mombasa kutoka nyuzi 109 hadi 50, wingi wa hewa iingiayo katika kila silinda huongezeka kwa asilimia 18 hivi, madhali kanieneo haikupungua njiani. Nyongeza hiyo hupatikana bila kuigusa turbo. Basi anayesafisha kipoza hewa kilichojaa vumbi na kubadilisha mipira yake iliyopasuka huenda akapata nguvu nyingi kuliko jirani yake aliyenunua turbo kubwa.

Hatari iliyo mbaya zaidi ni kugonga. Mchanganyiko wa hewa na petroli ukizidiwa na joto na kanieneo, sehemu yake hulipuka yenyewe badala ya kungoja kufikiwa na moto ulioanzishwa na plagi. Mlipuko huo huzipiga pistoni mithili ya nyundo, hata zikavunjika kingo zinazoshika ringi. Kizuizi chake kimojawapo ni okteni ya petroli. Magari haya ya soko la Japani yalipangwa kutumia petroli ya daraja la juu ya nchi hiyo, ambayo kwa kawaida huwa na okteni 100 hivi. Petroli ya kawaida katika vituo vya Afrika Mashariki iko chini ya hapo. Kwa hiyo gari ambalo halijaongezewa chochote tayari limekwisha kupoteza sehemu ya akiba yake ya usalama.

Pamoja na hayo, wako wanaofunga kidude cha kuizuia turbo isipunguze kanieneo, kisha wakafunga kingine cha kuidanganya kompyuta ya injini ili isikate petroli mambo yanapozidi. Kompyuta ile iliwekwa kulinda injini. Kuidanganya ni sawa na kumziba mdomo mlinzi ili wenye nyumba wapate usingizi.

Wanaotetea haraka hiyo hudai kwamba viwanda huacha akiba kubwa ya uimara. Dai hilo lina ukweli kwa injini iliyo mpya. Lakini sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi umri wa miaka 8. Basi Impreza ya miaka ya 1990 inayoonekana Nairobi leo haikushuka melini jana. Imepita katika mikono mingi, mashimo mengi, na pengine oili ya kila namna. Pistoni yake ina kipenyo cha milimita 92. Tuseme mlipuko umefikia kanieneo ya bar 80: pistoni hiyo husukumwa kwa kani inayolingana na uzito wa tani 5 na zaidi. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, kila silinda hupokea pigo la namna hiyo mara 50 kwa sekunde. Beringi iliyolika haiwezi kuombwa ichukue zaidi.

Hapo ndipo kipimo kinapohitajika. Fundi mwangalifu hupima kanieneo ya kila silinda na kuzilinganisha zote nne, maana silinda moja iliyo dhaifu hufichua mengi. Hupima msukumo wa oili, hutafuta mahali hewa inapovuja, na huchunguza rejeta na pampu ya petroli. Huuliza mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini, kwani kawaida yake ni kubadilishwa kila kilomita 100,000 hivi, na ukikatika valvu hugongana na pistoni. Wahenga walinena: usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika injini, ukuta huo ni injini nyingine nzima.

Wengine huleta ushahidi wa mashindano ya Safari, wakisema kwamba Subaru ilishinda kwa sababu ya nguvu zake. Kumbukumbu za mashindano hayo zinafundisha vingine. Colin McRae alishinda Safari mwaka 1997, na Richard Burns mwaka 2000, wote wakiendesha Impreza. Magari hayo yalibanwa na kanuni iliyotaka hewa yote ya turbo ipite katika tundu lenye kipenyo cha milimita 34 tu. Nguvu zao zilitajwa kuwa za farasi 300 hivi, ilhali WRX ya mwaka 1992 ilitoka kiwandani na nguvu za farasi 240. Tofauti ni robo tu. Ushindi katika vumbi na matope ya Kenya uliwaendea wale ambao magari yao yalipoa vizuri, yalishika njia na yalifika mwisho.

Kuna pia swali la kusimama. Nishati ya gari liendalo hukua kwa mraba wa mwendo. Dereva anayehitaji sekunde moja kabla ya kukanyaga breki, akiwa katika kilomita 80 kwa saa, husimama baada ya mita 57 hivi katika lami kavu. Akiwa katika kilomita 120, huhitaji mita zipatazo 112. Mwendo umeongezeka kwa nusu. Umbali umekaribia kuwa mara mbili. Hesabu hiyo inachukulia kwamba breki na matairi ni mazima. Maji ya breki yaliyokaa miaka mingi hunyonya unyevu, huchemka upesi, na mapovu yake huifanya pedali izame bila kazi. Mtu aliyenunua mwendo kabla ya kununua breki amenunua nusu ya gari, tena nusu iliyo ya hatari.

Isidhaniwe kwamba vijana wanaambiwa waache shughuli hii. Kosa la wazee wanaotikisa vichwa ni kuona ndani yake upuuzi mtupu. Kijana anayetaka kujua kwa nini gari lake hupungukiwa nguvu saa sita za mchana ameuliza swali la fizikia, naye anaulizia jambo linalomgusa moyoni, jambo ambalo walimu wengi hulitafuta darasani wasilipate. Mwalimu anaweza kumpa pampu ya baiskeli na kipimajoto, akamwachia agundue mwenyewe. Anaweza kuwapa wanafunzi mwendo wa gari na kuwataka wachore jedwali la umbali wa kusimama. Fundi wa gereji naye aalikwe shuleni, kwa maana ana masikio yanayotambua ugonjwa wa injini kwa mlio wake. Na shule impe hesabu za kuthibitisha yale anayoyasikia.

Nchi zinazoagiza magari yaliyokwisha kutumika haziwezi kuridhika na kuagiza pia ujuzi uliokwisha kutumika, wa kunakili bila kuelewa. Injini kuukuu ya turbo, ikipimwa, ikatengenezwa na kuongezewa nguvu kwa hesabu, ni darasa zuri la sayansi. Isipopimwa, mwenye nayo atajua ukomo wake siku itakapovunjika, na siku hiyo huenda asiwe peke yake barabarani.