Linux: Faili fupi inayoweza kukwamisha draiva nzima

Kampuni ya chipu imeandika draiva, imeijaribu, inafanya kazi. Inaituma kwa wasimamizi wa kerneli ya Linux. Jibu linarudi: rekebisha kwanza maelezo ya kifaa. Na maelezo yenyewe ni faili moja tu ya maandishi, huenda haifiki hata mistari mia.

Wapo wanaosema huu ni urasimu. Mimi nadhani sio, na sababu huenda iko mfukoni mwako.

Ukichomeka kifaa cha USB kwenye kompyuta, kinajitambulisha chenyewe. Ndani ya simu mambo ni tofauti. Kihisi kilichounganishwa kwenye bodi kwa I2C hakina namna ya kusema "niko hapa". Lazima kerneli iambiwe ni kifaa gani, kiko anwani ipi, kinapata umeme wapi. Orodha hiyo inaitwa devicetree, yaani mti wa vifaa.

Zamani taarifa za kila bodi ya ARM ziliandikwa ndani ya kerneli yenyewe. Mwaka 2011 Linus Torvalds akachoka na fujo hiyo, akalalamika hadharani, na kazi ya kuhamia devicetree ikashika kasi.

Sasa mkaguzi anatafuta nini? Kwanza, faili ieleze chuma, sio matakwa ya draiva. Thamani ya rezista iliyo kwenye bodi inapita. "Soma kihisi kila baada ya sekunde moja" haipiti, maana hilo ni uamuzi wa programu. Pili, jina. Ukiandika jina la chipu na kumalizia na "xx" ili libebe familia nzima, utarudishwa tu, kwa sababu chipu itakayotoka kesho inaweza kuwa na tabia nyingine kabisa.

Ukali huu una maana. Devicetree iliyokuja na kifaa inatakiwa iendelee kufanya kazi na kerneli mpya. Jina bovu likishapita leo, watu watalibeba miaka.

Siku hizi maelezo huandikwa kwa YAML na kuna amri, dt_binding_check, ya kuyakagua. Mashine inakamata makosa ya muundo. Haijui kama umedanganya kuhusu chipu. Hilo linabaki kwa binadamu, na wasimamizi wakuu wa maelezo haya ni watatu tu: Rob Herring, Krzysztof Kozlowski na Conor Dooley. Kuwatumia kazi bila hata kuendesha amri hiyo, kwa kweli ni kuwakosea adabu.

Kampuni nyingine hukwepa foleni yote: simu inauzwa na kerneli yake, yenye draiva ambazo hazijawahi kufika Linux kuu. Siku masasisho yakikoma, watu wa miradi kama postmarketOS ndio wanabaki kuchimbua, kipande kwa kipande, kilichomo ndani ya simu hiyo.