Ua wa Mandera: Mbona wanaoishi kando yake huulizwa mwisho?

Kila shambulio likitokea Mandera, Garissa au Lamu, mitandaoni hufufuka hoja ileile: si mjenge ule ukuta mmalize! Wengi wanaoandika hivyo ni vijana kama mimi. Tuko Nairobi, Nakuru, Eldoret, na Mandera tunaijua kupitia taarifa ya habari ya saa moja. Sisemi hatuna haki ya kuongea. Usalama ni wetu sote, na kodi inayonunua seng'enge ni yetu sote. Lakini kuna watu ambao ua huo umepita kando ya nyumba zao, na maoni yao husikika mwisho, kama yanasikika.

Tukumbuke hoja hii ilikoanzia. Novemba 2014, basi lilitekwa Mandera na abiria 28 wakauawa. Siku chache baadaye, wafanyakazi 36 wa timbo wakauawa kaunti hiyohiyo. Kisha ikaja Aprili 2, 2015, Chuo Kikuu cha Garissa, watu 148, wengi wao wanafunzi. Nani angesimama wiki hiyo aseme ukuta haufai? Angezomewa hadi ashuke. Watu walikuwa na machungu, na serikali ilihitaji kitu cha kuonyesha kwamba inafanya kazi. Ukuta unaonekana. Ujasusi hauonekani.

Sasa tuangalie tulichopata. Mpaka wetu na Somalia una urefu wa karibu kilomita 700, kuanzia Mandera hadi Bahari Hindi kule Kiunga. Tuliahidiwa ukuta, tukajengewa ua wa waya wenye handaki kando yake. Mwaka 2018 kazi ilisimama baada ya wakazi wa Bulla Hawa, mji wa Somalia unaopakana na Mandera, kuandamana. Kufikia 2019, wabunge walikuwa wakifoka bungeni kwamba zaidi ya Sh3 bilioni zimetumika na ua wenyewe ni wa kilomita 10 hivi. Wabunge wetu hupenda kelele, lakini mara hiyo walikuwa na sababu. Hebu piga hesabu: kwa bei hiyo, mpaka mzima utakula zaidi ya Sh200 bilioni. Na ua hauwezi kujilinda. Bila askari wa doria, waya hukatwa kwa koleo usiku mmoja tu.

Halafu kuna jambo ambalo wapenzi wa ukuta hawapendi kuguswa. Mmoja wa waliovamia chuo cha Garissa alikuwa kijana Mkenya, mwana wa chifu huko Mandera, aliyesomea sheria Chuo Kikuu cha Nairobi. Katika shambulio la DusitD2 Januari 2019, ambapo watu 21 waliuawa, mmoja wa washambuliaji alikuwa Mkenya, mwana wa mwanajeshi. Hawa ua ungewazuia wapi? Walikuwa ndani tayari.

Ningekuwa mnafiki nikisema ua hauna kazi yoyote. Gari lililobeba vilipuzi haliwezi kuruka handaki. Magendo ya sukari pia hupata taabu kidogo, ingawa sote tunajua sukari hiyo huvuka kwa kujuana na mtu kwenye kizuizi, na hongo haizuiliwi na waya. Hata Mandera kwenyewe watu hawana kauli moja. Aliyezika ndugu yake baada ya shambulio anaweza kuutaka ua huo kuliko wewe na mimi, na sina ubavu wa kumbishia.

Ila yeye na mfanyabiashara wa pale mjini wanajua kitu ambacho sisi wa huku bara hatukijui. Mandera na Bulla Hawa ni kama mji mmoja uliopitiwa na mstari. Mtu ana shangazi upande huu na soko upande ule. Kutoka Nairobi hadi Mandera ni safari ya kilomita kama 1,000, kwa barabara ambayo basi husindikizwa na polisi, kwa hivyo bidhaa nyingi ni rahisi kuzitoa Mogadishu kuliko hapa. Mpaka huo ulifungwa rasmi 2011. Mei 2023 serikali ikatangaza kwamba utafunguliwa kwa awamu, wa Mandera kwanza. Watu wakafurahi. Kufikia Julai, mashambulizi yakawa yameongezeka na mpango ukaahirishwa.

Lakini kufungwa rasmi hakumaanishi watu hawavuki. Wanavuka, ila bila afisa wa uhamiaji kuandika jina lao, bila forodha, bila ushuru. Sasa niambie, kati ya lango lenye maafisa wanaojua nani ameingia na njia ya panya ambayo haina mtu, mwenye nia mbaya angependa ipi?

Kinachonishangaza zaidi ni kwamba tunabishana kuhusu waya huku tukisahau watu. Desemba 2015, basi lingine liliposhambuliwa Mandera, abiria Waislamu walikataa kutenganishwa na wenzao Wakristo. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi siku hiyo, akafariki mwezi uliofuata. Abiria wale ndio waliokuwa ua siku hiyo. Watu wa aina hiyo ndio wanaoweza kumnong'onezea polisi kwamba kuna wageni wasiowaelewa kijijini. Watamnong'onezea polisi yupi, kama kila msako ukifanywa wao ndio hupandishwa lori kwanza?

Tena kijana wa huko, hadi Februari 2025, alikuwa akitaka kitambulisho anafikishwa mbele ya kamati ya uhakiki athibitishe kwamba ni Mkenya, jambo ambalo mimi sikuulizwa. Nilikwenda kwa chifu na cheti cha kuzaliwa, basi. Rais alipotangaza kuondoa uhakiki huo, mitandaoni tulilalamika eti magaidi sasa watapewa vitambulisho. Ni walewale wanaodai ukuta. Kijana wa Mandera anayesoma maneno hayo anajua vizuri anawekwa upande gani wa seng'enge.

Kwa hivyo kabla ya pesa nyingine kutengwa kwa ua huu, kamati ya bunge ya usalama iende ikae Mandera mjini. Isiwe ziara ya helikopta ya saa mbili na picha tatu. Wakae wiki nzima, waite wafanyabiashara, walimu, waendeshaji bodaboda na kina mama wa sokoni, wawape nafasi waseme kwa Kisomali kama wanataka, na mkalimani awepo. Swali la kwanza wawaulize kama wanataka ua au lango. La pili, zile Sh3 bilioni waliziona?