Transfoma Kubwa, Mvumo Uleule

Katika duka moja la vyombo vya muziki mjini Nyeri, muuzaji alimwambia mzee wa Othaya aliyekuja na kinanda chake cha santuri kwamba dawa ya mvumo ni moja tu: transfoma yenye balansi, tena ile inayopandisha mara 40. "Ikiwa na nguvu zaidi, sauti inanoga zaidi." Maneno hayo sasa yanasikika Nanyuki, Embu na Kerugoya, kila palipo na mtu aliyetoa santuri zake darini. Si kweli, na yanawala wastaafu pesa zao.

Hesabu yake haizidi ya darasa la nane. Chukua Denon DL-103: katriji (kichwa chenye sindano) ya koili, iliyoundwa Japani miaka ya 1960 kwa kazi ya utangazaji, hutoa milivolti 0.3 tu, na ndiyo maana inahitaji kupandishwa. Amplifaya ya kawaida ya santuri ina ukinzani wa omu 47,000, lakini transfoma ikikaa katikati, katriji haizioni zote. Inaona 47,000 ukigawanya kwa kipeo cha pili cha uwiano wa transfoma. Uwiano wa 1 kwa 20 unaacha omu 117 na ushei. Wa 1 kwa 40 unaacha 29 tu, ilhali koili ya katriji yenyewe ina omu 40! Zaidi ya nusu ya volti inaishia ndani ya katriji. Zile milivolti 12 (0.3 mara 40) ambazo mzee angetarajia zinafika zikiwa 5, na transfoma ya mara 20 ingempa 4.5. Analipia nguvu maradufu, anapata nusu milivolti ya ziada na sauti butu.

Na hiyo ni ikiwa katriji yake ni ya koili. Vinanda vingi vya zamani vina katriji ya sumaku, ambayo haihitaji transfoma hata kidogo. Shure M44-7 hutoa milivolti 9.5. Ipandishe mara 40 uone amplifaya inavyokwaruza. Muuzaji hakuuliza. Hakuinama hata kutazama chini ya mkono wa kinanda.

Wanaotetea balansi, ile njia ya nyaya mbili ya kuzuia mvumo, husema studio zote kubwa za Ulaya zinaitumia. Studio hutandaza nyaya za maikrofoni mita kwa mita, chumba hadi chumba. Mzee wa Othaya ana waya wa mita moja, kutoka kwenye kinanda hadi kwenye rafu. Huo ni utetezi wa mtu ambaye hajawahi kuushika waya wenyewe.

Balansi ni kitu halisi. Nyaya mbili za kila upande wa katriji hazigusi ardhi, mvumo wa stima unaziingia zote mbili sawasawa, na transfoma hupitisha tofauti yao tu. Lakini fundi akishachomelea waya hasi wa kila upande, ule wa buluu na ule wa kijani, kwenye pete ya nje ya plagi, pamoja na ngao, balansi imekufa hapo hapo, hata transfoma iwe imegharimu ng'ombe wawili.

Huko Karatina, mwalimu mstaafu alinunua transfoma ya namna hiyo na mvumo ukabaki palepale. Kijana wa jirani aligusa mkono wa chuma wa kinanda kwa kidole, mvumo ukanyamaza. Akaondoa kidole, ukarudi. Alikuwa ameshaujua ugonjwa: skrubu ya waya wa ardhi ilikuwa imelegea. Aliikaza kwa ncha ya kisu cha jikoni.

Inauma zaidi ukikumbuka kinachochezwa. Joseph Kamaru, mwimbaji mzaliwa wa Kangema aliyefariki mwaka 2018, na wenzake waliimba kwenye santuri ndogo za mizunguko 45 ambazo leo zinaota ukungu kwenye baridi ya Julai, huku redio zikirusha nakala zilizobanwa hadi besi ikapotea. Pesa zilizoliwa na ile transfoma zingenunua sindano mpya, brashi na majalada ya kutosha kasha zima. Sindano iliyochakaa huchimba mfereji wa santuri, na mfereji haushonwi.

Transfoma ya mwalimu ingali kwenye kabati, ndani ya boksi lake. Duka limekataa kuipokea tena.