Picha haiwezi kusema "labda"

Kila ninapopanda basi la Lubumbashi kwenda Kolwezi, tunapita Fungurume. Abiria wananunua maji na ndizi, malori ya madini yanatupita, safari inaendelea. Kwa miaka mingi sikujua kwamba hapo ndipo ilipoanza sehemu ngumu kabisa ya safari moja ya Vita Kuu ya Kwanza.

Mwaka 1915 Waingereza walileta mashua mbili za kivita kwa meli mpaka Cape Town, kisha kwa treni mpaka Fungurume. Kutoka hapo zilikokotwa nchi kavu kwa mitambo ya mvuke, kwa ng'ombe na kwa mikono ya watu, zikavuka milima ya Mitumba kwa zaidi ya kilomita 200 hadi Sankisia. Baadaye zikapanda treni, zikashuka mto Lualaba, zikapanda treni tena, mpaka ziwa Tanganyika, karibu na Kalemie ya leo. Tarehe 26 Desemba 1915 ziliteka meli ya Wajerumani iliyoitwa Kingani, na tarehe 9 Februari 1916 Hedwig von Wissmann ikazamishwa. Septemba mwaka huohuo Force Publique iliingia Tabora, na mizigo yake ilibebwa na wapagazi kwa maelfu.

Rafiki yangu anayesoma kompyuta ana wazo zuri. Anataka mgeni asimame ufukweni Kalemie, ainue simu yake, na kupitia kamera aone ziwa la leo na mashua za 1915 juu ya maji yaleyale. Teknolojia hiyo inaitwa uhalisia ulioongezwa. Kule Gettysburg, Marekani, palipopiganwa vita Julai 1863, programu ya namna hiyo ipo tayari. Mimi naunga mkono wazo lake. Mwanafunzi wa sekondari aliyekariri tarehe bila kuona kitu atakumbuka zaidi akisimama mahali penyewe. Kuhusu bei ya mega, programu inaweza kupakuliwa mjini kabla ya safari.

Lakini nilimuuliza: njia ya kutoka Fungurume utaionyesha? Na nani atasema? Akanijibu kwamba sauti itawekwa mwishoni, picha kwanza. Hapo ndipo tunapotofautiana.

Askari wa Gettysburg waliacha barua na shajara nyingi. Watu waliofyeka njia, wakajenga madaraja na kuvuta kamba Mitumba hawakuacha maandishi kama hayo. Mchoraji atalazimika kubuni sura zao, nguo zao, nyimbo zao. Tatizo ni kwamba picha haina namna ya kusema "labda". Mtu akishachorwa kwenye simu, amekuwa kweli, sawa na mashua ambayo vipimo vyake vinajulikana. Lugha ndiyo yenye uwezo huo. Bibi anaposimulia, anatenganisha bila shida: "niliona", "niliambiwa na baba", "inasemekana". Tunajifunza mambo hayo darasani, tunayaandikia kazi za mwisho wa mwaka, kisha tunayaacha kabatini.

Kuna jambo lingine. Mashua hizo ziliitwa Mimi na Toutou, majina ambayo watoto wa Wafaransa huita paka na mbwa. Kwa Mswahili, "mimi" ni mtu anayejitaja mwenyewe. Katika vitabu vingi vya habari hii, Mimi ni mashua, na aliyeivuta ni "wao". Ikiwa programu yetu itazungumza Kifaransa tu, au Kiswahili kilichotafsiriwa haraka siku ya mwisho, tutairudia hali hiyo kwa vifaa vya kisasa. Jirani zetu wana bahati kidogo: Kariakoo ya Dar es Salaam bado inabeba jina la Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza. Sisi tunapita Fungurume na hakuna neno linalotusimamisha.

Kwa hiyo napendekeza kwa wenzangu na walimu wetu: kitivo kitangulie, wachoraji wafuate. Twende vijiji vya njia ile, turekodi majina ya mahali na masimulizi ambayo familia zimerithi, kwa Kisanga, Kiluba, Kitabwa na Kiswahili kinavyosemwa huko. Kisha kila sauti katika programu itambulishwe kwa moja ya maneno matatu: "imeandikwa", "inasimuliwa", "tunadhani". Mgeni akielekeza simu kwenye njia, ajue anachokiona kimetoka wapi.

Rafiki yangu anasema kazi hiyo itachelewesha mradi kwa mwaka mzima. Ni kweli. Lakini mashua inaweza kuchorwa hata baada ya miaka kumi. Mzee aliyesimuliwa na babu yake hatatungoja hivyo.