Oktoba ya Chuoni Haimfikii Mwanafunzi wa Ayany

Mwezi wa Oktoba una shamrashamra zake katika vyuo vikuu vyetu. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza, walioingia Agosti na Septemba wakiwa na masanduku na magodoro, sasa wamekwisha kuzijua njia. Vyama vya Kiswahili, vya mijadala na vya maigizo vinasaka wanachama. Matangazo ya mashindano ya ushairi yamebandikwa hata kwenye milango ya vyoo. Mgeni apitaye chuoni jioni, mvua za vuli zikipiga hodi, atadhani kwamba vijana wote waliosajiliwa wamo ukumbini.

Hawamo. Wengi saa hizo wako barabarani wakirudi makwao.

Mwanafunzi mmoja wa darasa langu la isimujamii, ambaye anaishi kwa shangazi yake katika mtaa wa Ayany, Kibera, aliniandikia kazi ya utafiti juu ya Kinubi kama kisemwavyo na majirani zake wa Makina. Alionyesha maneno ambayo vijana wamekwisha kuyaazima kutoka Kiswahili na yale ambayo wazee wanakataa katakata kuyaacha. Ilikuwa kazi safi. Nikamwomba aisome mbele ya chama cha Kiswahili cha chuo ninachofundisha. Akanijibu kwa adabu: “Daktari, mkutano unaanza saa kumi na mbili na nusu. Wakati huo mimi niko njiani.”

Sikuwa na la kusema. Nani asiyeijua safari hiyo? Ikinyesha, matatu za nambari 8 hupandisha nauli bila kuomba radhi. Asiye na nauli hutembea, apite Hospitali ya Kenyatta na Soko la Kenyatta, aingie Kibera baada ya zaidi ya saa nzima ya mwendo. Msichana atembeaye njia hiyo gizani hahesabu mashairi aliyoyakosa. Anahesabu hatua zilizobaki afike mlangoni.

Wapo wenzangu wasemao kwamba mwenye hamu ya elimu atajitahidi. Hoja hiyo ni nyepesi mno kwa mtu anayelala kitanda chake mwendo wa dakika tano kutoka ofisini. Desturi ya kufanya kila jambo jioni tuliirithi kutoka enzi ambapo mwanafunzi wa chuo kikuu alitarajiwa kulala bwenini na kula chuoni. Tangu miaka ya 1990 idadi ya wanafunzi imeviacha vitanda mbali sana, na maelfu wamepanga vyumba mitaani au wamebaki kwa jamaa zao. Mambo yamegeuka, ratiba imebaki pale pale.

Hasara si ya mwanafunzi peke yake. Mwaka 1982 mwanaisimu Mjerumani, Bernd Heine, alichapisha kitabu kizima juu ya Kinubi cha Kibera, lugha ya krioli yenye asili ya Kiarabu, ambayo wazee wake walikuwa askari wa Kisudani katika jeshi la Waingereza. Jina lenyewe la Kibera limetokana na neno la Kinubi lenye maana ya msitu. Basi mtaalamu alivuka bahari kuifuata lugha hii, naye kijana anayeisikia kila asubuhi akienda kununua maziwa hapati nusu saa ya kusikilizwa na wanafunzi wenzake. Tukiulizwa sababu, tutasema kwamba ukumbi hufunguliwa jioni!

Na Oktoba inaweza kuzaa mambo makubwa. Tarehe 24 Oktoba 1968, katika kilichokuwa Chuo Kikuu Kishiriki cha Nairobi, hayati Ngugi wa Thiong'o pamoja na Owuor Anyumba na Taban lo Liyong waliandika waraka wa kutaka Idara ya Kiingereza ivunjwe, na fasihi ya Afrika, simulizi na andishi, iwekwe katikati ya masomo. Ubishi ule uligeuza ufundishaji wa fasihi katika nchi hii. Hoja za namna hiyo hazizaliwi katika mihadhara ya saa nne asubuhi tu. Zahitaji watu kukaa pamoja, wakabishana, wakachelewa.

Ninapendekeza saa saba hadi saa tisa mchana, siku mbili kwa juma, zisiwe na mihadhara kabisa, vyama vipewe muda huo. Najua wapangaji wa ratiba watakunja uso, kwa kuwa vyumba havitoshi hata sasa. Kama hilo halikubaliki, basi chuo kitoke. Makerere ilikuwa na kundi la maigizo la kusafiri mwaka 1965, wanafunzi wakiwapelekea watu michezo bila malipo, na Chuo Kikuu cha Nairobi nacho kilikuwa na lake katika miaka ya 1970. Kutoka mjini hadi Ayany si safari ya kumshinda mhadhiri, wala hahitaji basi la chuo.

Ile kazi ya Kinubi ingali kabatini mwangu. Nimekubaliana na mwenyewe kwamba ataisoma Jumamosi moja ya Oktoba, saa tisa alasiri, huko huko Ayany, wazee wa Makina wakiwa wamealikwa ili wamkosoe. Kilichobaki ni ukumbi. Mwalimu mkuu yeyote wa jirani aliye na darasa tupu siku hiyo na aniarifu. Viti tutabeba wenyewe.