Ngonjera Haikosi Mpinzani

Kila siku maofisa wa Serikali hupita Ihumwa waendapo kazini katika Mji wa Serikali, Mtumba. Ni wachache wakumbukao kwamba huko huko, Muntundya, ndiko alikozaliwa mwaka 1917 marehemu Mathias Mnyampala, mshairi aliyewapatia Watanzania ngonjera.

Mnyampala hakuanzia jukwaani. Alichunga ng'ombe utotoni, akawa mwalimu, karani, liwali, na hatimaye hakimu. Kazi ya uhakimu ni kusikiliza: huyu ana lake, yule ana lake, na hukumu haitoki mpaka wote wawili wamesema. Basi baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, washairi walipotakiwa kuieleza siasa yetu kwa wananchi, yeye hakutunga hotuba yenye vina. Aliwasimamisha watu wakabishana mbele ya hadhira, mmoja hakubali, mwingine anamjibu. Kwa maoni yetu, hilo ni baraza la hakimu lililohamishiwa jukwaani. Alifariki mwaka 1969, na Ngonjera za UKUTA zikatoka baada yake, mwaka 1970 na 1971.

Ndugu zetu wa visiwani hawatalishangaa jambo hili. Pemba ya akina Kamange na Sarahani iliyajua majibizano ya washairi tangu zamani.

Lakini ngonjera tuzisikiazo siku za sherehe, aghalabu watoto hupangwa mstari mmoja, na wote wanasifu. Anajibiwa nani?

Tulipata kushuhudia, katika kijiji kimoja cha Ugogo, ngonjera iliyotungwa na mwalimu aliyekulia hapo hapo. Msemaji wa kwanza alikuwa kiongozi. Wa pili alikuwa mama aamkaye alfajiri kufukua maji katika mchanga wa korongo, naye aliuliza kisima kilichoahidiwa ki wapi. Mwalimu hakubuni kitu. Huyo alikuwa mama yake mzazi. Jioni, kabla ya mgeni kuwasili, beti za mama zilifutwa, eti zisimuudhi mgeni. Kesho yake mtoto aliyecheza kiongozi alijibu, kwa ufasaha kabisa, swali ambalo hakuna aliyelisikia. Mgeni alipiga makofi.

Tunawaomba maofisa wanaokagua maandishi ya sherehe waziache beti za namna hiyo. Kiongozi anayefika kijijini ama ana jibu ama hana, na akiwa nalo, ni haki yake apewe nafasi ya kulitoa.

Mwalimu yule bado anazo beti zake katika daftari la shule. Kisima hakijachimbwa.